Majani bila mizizi: kisa cha plamu ya mwalimu wa Molo

Mimi nina kitalu cha miche. Mwalimu alinipigia simu mwishoni mwa Machi kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Pingili zangu za plamu zimekufa zote. Sitini, hakuna hata moja iliyobaki. Na juzi tu zilikuwa na majani!" Pingili ni vipande vya tawi vinavyochomekwa ardhini ili viote mizizi. Nilimuuliza kama ameng'oa hata moja akaangalia upande wa chini. Alikuwa hajafanya hivyo. Nikamwomba asitupe chochote, nitafika kwake kwa matatu kesho yake asubuhi.

Boma lao liko nje kidogo ya mji wa Molo, Kenya, kwenye mwinuko wa kama mita 2,500, huko ambako ukitoka nje saa kumi na mbili alfajiri unaona pumzi yako. Mama yao alipanda mti wa plamu nyuma ya jikoni zamani sana, na kila Desemba watoto wa kijiji kizima walikuwa wageni wake. Mama amefariki, shamba limegawanywa, mpimaji akaweka alama zake, na mti ukaangukia upande wa ndugu mdogo, hatua mbili tu kutoka mpakani. Ndugu anataka njia ya gari mahali hapo. Hakuwa na ukorofi wowote. Alimwambia kaka yake achukue anachotaka kwenye mti huo, mwisho wa mwaka ataukata. Kwa hiyo mwalimu alikuwa na miezi kumi ya kuuhamisha mti usiohamishika.

Kwa macho, tunda lake linafanana na Santa Rosa, aina iliyotolewa na Luther Burbank kule California mwaka 1906. Familia huliita plamu ya mama tu, nami sibishani na marehemu. Cha muhimu ni kwamba kokwa haisaidii hapa. Mche wa kokwa ni mtoto, una damu ya baba pia, na huenda ukazaa tunda chachu lisilofanana na la mama. Anayetaka mti uleule lazima achukue kipande cha mti wenyewe.

Hapo ndipo binti yake aliye Minnesota alipoingia. Huko amejifunza kupenda bustani, na alimtumia baba yake maelekezo kwa simu, pamoja na picha: kata pingili mwezi wa Februari, unene wa penseli, urefu wa shubiri moja, mti ukiwa umelala na hauna jani. Nimeyasoma maelekezo hayo mara mbili. Hayana kosa hata moja, kwa Minnesota. Kule usiku wa Januari unaweza kushuka chini ya nyuzi 20 za sentigredi chini ya sifuri, mti umepukutisha majani tangu vuli, na Februari umejaa wanga ulioweka akiba ndani ya mbao. Pingili ya wakati huo ni kama mtoto aliyelala na tumbo limeshiba.

Molo mwezi wa Februari mti wa plamu haujalala. Umetoka kuzaa Desemba na Januari, umechoka, na bado umevaa majani yote. Mwalimu aliliona hilo. Aliangalia picha ya binti, akaangalia mti wake, akaona havifanani, akafanya alichoona ni busara: alikata pingili sitini na kuzipokonya majani yote ili zifanane na picha.

Tulizilaza zote sitini juu ya gunia uani. Mimi huiita kazi hii kupasua maiti, mke wa mwalimu hapendi neno hilo. Saba zilikuwa zimepandwa kichwa chini, macho, yaani vichipukizi vilivyofumba, yakielekea ardhini. Hilo hutokea kwa kila mtu, ndiyo sababu mimi hukata chini tambarare, juu mshazari, ili mkono ujue hata macho yakichoka. Kama kumi na tano zilikuwa nyeusi na zenye harufu upande wa chini: zilioza. Nyingine zilikuwa zimekauka kama njiti za kiberiti. Na hizi ndizo zilizokuwa na majani mengi kuliko zote. Majani marefu kama kidole, yamenyauka, bado yananing'inia. Chini hakukuwa na mzizi hata mmoja. Nne tu zilikuwa na ile nundu nyeupe kama punje ya popkoni, ambayo watu wengi huidhania mzizi. Nundu hiyo ni kovu. Mti huziba kidonda chake kabla ya kufikiria jambo lingine.

Mwalimu aliuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko lolote lingine katika kitalu changu: "Sasa majani yalitoka wapi kama hakukuwa na mizizi?"

Yalitoka kwenye akiba. Ndani ya pingili kuna wanga na maji kidogo, na hivyo vinatosha kufumbua jicho. Jicho halingoji ruhusa ya mzizi. Na mwalimu, bila kujua, alikuwa ameyaamsha macho kwa mkono wake mwenyewe. Wakulima wa matufaha wa nyanda za juu hufanya hivyo kwa makusudi: baada ya kuvuna hupukutisha majani kwa mikono, ili mti ambao haujapata baridi ya kutosha ushtuke na kuchipua tena. Yeye alizishtua pingili sitini zisizo na mizizi, mwezi wa Februari, kabla mvua haijashika, jua la mchana likiwa kali. Kila jani jipya lilikuwa mdomo wa kupumulia maji nje, na chini hakukuwa na wa kuyachota. Wiki mbili za furaha zilikuwa pingili inakula mtaji wake.

Ningekuwa mkweli zaidi siku ile ningemwambia jambo jingine pia, lakini nililiweka hadi Agosti. Nitalifikia.

Tulikubaliana tungoje mti ulale wenyewe. Kwetu plamu hupukutisha majani katika miezi ya baridi, Juni hivi hadi Julai. Si usingizi mzito kama wa Minnesota, ni kusinzia kitini, lakini unatosha.

Wiki ya kwanza ya Julai simu ikalia tena. Safari hii tatizo lilikuwa ndugu mdogo. Alikuwa ameuona mti mtupu, matawi yamekauka kwa macho, na akamwambia kaka yake kwamba mti umekufa wenyewe, hakuna haja ya kungoja Desemba. Trekta la kutengeneza njia lingekuja Jumatatu. "Njoo umwambie wewe," mwalimu alisema. "Mimi ataniona nina huzuni ya mama tu."

Niliwakuta wote wawili chini ya mti, manyunyu yakianguka. Ndugu alivunja kijitawi cha juu, kikalia ta! Akanionyesha: kikavu, kahawia hadi ndani. Alikuwa sahihi kuhusu kijitawi hicho. Nikamwomba aangalie kitu kingine kabla hatujavunja zaidi: kwenye kijitawi alichokivunja kulikuwa na majani matatu makavu yanayoning'inia. Kwenye tawi la jirani hakukuwa na jani hata moja, ila makovu madogo safi mahali majani yalipokuwa, na juu ya kila kovu jicho lililofumba.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye mti alijue. Kudondosha jani ni kazi, na kazi hufanywa na aliye hai. Mti unapojiandaa kulala hujenga ukuta mwembamba kwenye shina la jani, unafunga mlango, kisha jani linaanguka lenyewe. Tawi linalouawa ghafla halipati nafasi ya kufunga mlango. Majani yake hukaukia palepale na kubaki yakipeperuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Kwa hiyo katika mti uliopukutika, tawi lenye majani makavu ndilo la kutiliwa shaka, na tawi tupu ndilo lenye matumaini. Macho ya mtu huona kinyume chake.

Kilichoua vijitawi vya juu upande wa bondeni kilikuwa jalidi ya Januari, ile baridi inayogandisha umande. Watu wa mbali hushangaa kusikia kuna jalidi karibu na ikweta, lakini usiku wa kiangazi usio na wingu wala upepo, joto la ardhi hupanda juu likapotea, na hewa baridi ambayo ni nzito huteremka polepole hadi bondeni ikatulia kama maji. Januari 2012 jalidi ya namna hiyo iliunguza chai Kericho na Nandi. Mwezi wa Julai kwetu huwa na mawingu na mvua, wingu ni blanketi, kwa hiyo baridi unaisikia mifupani lakini nyasi haziwi nyeupe. Ndugu aliposema "baridi hii ya Julai imeuua," alikuwa anasingizia mwezi usio na hatia.

Nikatoa ukucha. Nilichagua tawi tupu lenye unene wa kidole, nikakwaruza gome la nje sehemu ndogo kama punje ya mchele. Chini yake palikuwa na kijani kibichi, chenye unyevu, kinachong'aa kama ganda la ndani la ndengu mbichi. Nikasogea juu kuelekea ncha, shubiri moja moja. Kijani, kijani, kijani kilichofifia, kisha manjano chafu, kisha kahawia kavu. Kati ya kijani kilichofifia na kahawia hapakufika upana wa kiganja. Mpaka wa uhai na kifo kwenye tawi lile ulionekana wazi kuliko mpaka wa mpimaji.

Ndugu mdogo hakusema neno. Alichukua tawi lake mwenyewe, akakwaruza kwa ukucha, akaliangalia kwa muda, akakwaruza lingine.

Kisha nikatoa wembe nikakata macho mawili katikati, yaani nikayapasua kama mtu anayepasua haragwe. La tawi tupu lilikuwa kijani hadi kiini. La ncha lilikuwa na kiini cheusi ingawa maganda yake ya nje yalionekana mazima. Wakulima wa zabibu wa nchi zenye theluji hufanya hivi kila mwisho wa baridi kali kabla ya kuamua wapogoe kiasi gani, kwa sababu ukucha unakuambia habari za tawi tu. Jicho linaweza kufa tawi likabaki zima, na jicho la ua huwa dhaifu kuliko la jani. Tahadhari moja: usikate asubuhi ileile baada ya jalidi. Kilichokufa usiku huo bado kina rangi ya kijani, kama nyama iliyochinjwa sasa hivi. Lete kijitawi ndani penye joto, kikae siku kadhaa, weusi ujitokeze wenyewe.

Binti wa Minnesota, ambaye kwa wakati huu alikuwa akifuatilia kesi kwa simu ya video, aliongeza njia yake: kata vijitawi vichache, viweke ndani ya gilasi ya maji dirishani, ungoje. Vilivyo hai vitavimba macho kwa wiki mbili au tatu. Tulifanya hivyo pia, zaidi kwa ajili ya ndugu mdogo, na gilasi ilikaa jikoni kwake. Wazo la kuiweka huko lilikuwa la mke wake. Trekta halikuja Jumatatu ile.

Basi tukarudi kwenye pingili. Tulikata 48, kutoka matawi ya mwaka uliopita, upande wa mlimani ambako jalidi haikufika. Unene wa penseli, sentimita 25, kila moja ikiwa na vifundo vinne au vitano, mkato wa chini ukiwa chini kidogo ya kifundo. Chini tulichovya kwenye unga wa homoni ya kuotesha mizizi kutoka agrovet, duka la pembejeo, sentimita mbili tu, tukakung'uta uliozidi. Februari mwalimu alitumia asali. Asali haina dhambi, lakini sijaona ikifanya kazi ya homoni, na mshubiri nao nimeujaribu miaka mingi bila kuweza kuapa kwa ajili yake.

Shida ya Molo iko kwenye joto. Mzizi wa plamu unataka chini kuwe na joto la nyuzi 20 hivi, na jicho juu linapaswa kubaki kwenye baridi ili lisiamke mapema. Chini joto, juu baridi. Udongo wetu wa Julai ni baridi, na ukikimbilia plastiki ya kuziba ili upate joto, unapasha juu na chini pamoja, majani yanatoka, unarudia kisa cha Machi.

Tulichimba shimo la nusu mita, tukajaza samadi mbichi ya ng'ombe iliyochanganywa na mabua ya mahindi, tukaikanyaga, tukafunika kwa mchanga wa mto uliooshwa, kina cha sentimita 15. Kipimajoto tuliazima kwa jirani mwenye vifaranga. Siku ya tatu kilisoma 41. Mwalimu alikuwa tayari kupanda. Nikamkataza, pingili zingepikwa. Siku ya tisa kilishuka hadi 24 na hapo ndipo tukazichomeka, vifundo viwili mchangani, vilivyobaki hewani.

Na mahali? Binti alisema upande wa kaskazini wa nyumba, kwenye kivuli. Kwake ni kweli. Molo iko kusini kidogo tu ya ikweta, na Julai jua letu hupita upande wa kaskazini. Ukuta wa kusini ndio wenye kivuli mwezi huo. Mwalimu, ambaye alifundisha jiografia miaka thelathini, alicheka hadi akakohoa kwa kuwa nusura alisahau. Juu tuliweka karatasi ya plastiki kama paa, pande zote wazi, kwa sababu ya mvua tu. Mchanga ukilowa kila siku unakuwa kaburi.

Wiki ya tano niling'oa mbili kwa siri. Zote zilikuwa na nundu nyeupe, macho yamefumba. Hiyo ndiyo picha niliyotaka: chini kazi inaendelea, juu kimya. Mwalimu alikuwa na wasiwasi kwa sababu hakuona jani lolote, nami nikamwambia siku akiona jani kabla sijarudi anipigie simu haraka.

Katikati ya Septemba tulizitoa zote. Kumi na moja zilikuwa na mizizi ya kweli, minyoofu, myeupe, inayokatika kwa urahisi mno. Ishirini na mbili zilikuwa na nundu bila mzizi. Zilizobaki zilioza au kukauka. Tulipanda zile 11 kwenye mifuko ya miche, udongo wa msitu sehemu mbili, mchanga moja, na mbili zikafa wiki ya kwanza kwa sababu mimi mwenyewe niliharakisha na kuvunja mizizi nikiingiza udongo. Tisa.

Sasa lile nililoliweka. Kwa plamu, pingili si njia bora. Mtini ungekupa mizizi hata ukiusahau ndani ya ndoo, mforosadi vilevile, na mzabibu. Plamu ni mbishi, na mtofaa ni mbishi zaidi. 11 kati ya 48 kwangu ni matokeo mazuri. Mwalimu angekuja kwangu Januari bila maelekezo ya mtu yeyote, ningepanda kokwa za mpichi wa kienyeji, kisha ningeunganisha vikonyo, yaani vipande vifupi vya tawi, vya plamu ya mama juu ya miche hiyo. Kikonyo kimoja chenye macho matatu ni mti mmoja. Mpichi na plamu huelewana. Sikumwambia Machi kwa sababu alitaka mti wenye mizizi yake yenyewe, "wa mama kuanzia chini hadi juu", na mtu aliye kwenye huzuni hubishani naye juu ya shina.

Lakini mwanzoni mwa Agosti, macho yakiwa bado hayajavimba, nilichukua vikonyo sita nikaviunganisha juu ya mipichi sita ya kitalu changu, bila kumuuliza. Vitano vilishika. Nilipompelekea alivitazama kwa muda, akauliza kama tunda litakuwa lilelile. Nikasema ndiyo. Akasema basi viwili vya hivyo ni vya ndugu yake.

Mti wenyewe bado umesimama. Mwisho wa Agosti ulichanua, maua meupe kwenye matawi matupu, na upande wa bondeni zile ncha zilizokufa zilibaki wazi kama vidole hadi tulipozipogoa chini ya mstari wa kijani. Njia ya gari imepinda kidogo. Ila mwalimu alinipigia simu tena mwezi uliofuata akilalamika: shina limejaa mikwaruzo. Ndugu yake hupita kila asubuhi na kukwaruza mahali papya kuhakikisha kijani kipo, na sasa watoto wake wamejifunza. Gundi imeanza kutoka kwenye vidonda viwili. Nilimwomba ampe ndugu simu. Nilimwambia akwaruze vijitawi tu, mara moja kwa msimu, sehemu ndogo kama punje ya mchele, na shina aliache kabisa.

"Sawa," alisema. "Lakini leo nilikuwa nimeshakwaruza. Ni kijani."